Karatasi Iliyolala Ndani ya Biblia

Ndugu msomaji, leo fungua Biblia yako ya nyumbani. Sisemi usome kwanza. Angalia tu kunalala nini ndani yake. Kwa nyumba nyingi za kwetu, Biblia njo sanduku ya karatasi: kadi ya ubatizo, buletini ya mtoto ya kelasi ya tano, picha ya marehemu baba, risiti ya umeme ya zamani. Tunaweka pale juu tunajua hakuna mtu atakayeiba Biblia. Ni akili nzuri. Lakini kuna karatasi moja ambayo haipashwe kulala pale hata usiku mmoja, nayo ni karatasi ya tribinali.

Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa mjane. Mume wake alifanya kazi ya mgodi miaka mingi, akaacha lupango lenye nyumba ya vyumba vitatu na miti miwili ya maembe. Kisha matanga kuisha, ndugu za mume wakasema nyumba ni ya familia yao. Wakaenda kushitaki. Mama aliitwa, akaenda tribinali mara tatu, akasema maneno yake pasipo avoka, kwa Kiswahili chake. Siku ya hukumu mwamuzi aliwapa ndugu za mume haki. Kisha majuma mengine kupita, huisie, yule mtumishi wa tribinali anayepeleka barua za hukumu, alifika ku lupango na karatasi yenye sitampu. Mama akatia sahihi mahali alipoonyeshwa kwa kidole. Karatasi ilikuwa kwa Kifaransa. Akaitia katikati ya Zaburi.

Kisha majuma mawili akaniletea. Alisema, "Pasta, hii karatasi yao ile. Niliitia mu Biblia, nikasema Mungu ataiona." Niliiangalia. Niliona sitampu, niliona tarehe. Mimi ni mtu wa kelasi ya Biblia, najua Kifaransa cha kutosha kusoma karatasi ile mpaka chini. Sikuisoma mpaka chini. Nilimwambia, "Mama, tuombe kwanza. Juma lijalo tuko na mkutano wa injili. Kisha mkutano tutatafuta avoka pamoja." Tukaomba. Mkutano ukafanyika, Mungu alitubariki sana. Kisha nikasafiri kwa mambo ya kanisa siku 10. Niliporudi nilikuwa na matanga mawili. Tulipofika hatimaye mbele ya avoka, alisoma karatasi, akaangalia kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kidole. Zilikuwa zimepita siku 41.

Hakuuliza nani mwenye haki. Alisema tu, "Mulikuwa na siku makumi tatu."

Alijaribu hata hivyo, sababu mama alilia. Tribinali ya juu ilijibu kwa neno moja la Kifaransa ambalo maana yake ni kwamba rufani haipokelewe. Hawakufungua hata mlango wa maneno yake. Na maneno alikuwa nayo: Kanuni ya Familia ya 1987 inampa mjane aliyeolewa kwa sheria haki ya kuendelea kukaa ndani ya nyumba aliyokaa na mume wake. Avoka alisema labda angeshinda, labda hapana. Hatutajua. Mama huyu hakunilaumu hata siku moja, na hiyo njo inanisumbua zaidi. Juu ya hiyo ninawaandikia.

Sasa tuseme sheria namna ilivyo, kwa maneno ya nyumbani. Katika inchi yetu, sheria ya namna ya kuhukumu mambo ya raia kwa raia (lupango, deni, mali, nyumba) ilitoka tarehe 7 Machi 1960, mbele kidogo ya uhuru, na mambo yake ya siku za rufani yanafanya kazi mpaka leo. Kama ulikuwa mbele ya mwamuzi na umeshindwa, uko na siku 30 za kukata rufani, ile watu wa tribinali wanaita apeli. Hizo siku hazianze siku mwamuzi anasoma hukumu. Zinaanza siku huisie anakuletea hukumu rasmi, ile wanaita sinifikasio. Kama hakuna aliyekuletea, siku hazijaanza bado.

Utasema basi nitamkimbia huisie. Kijana mmoja aliniuliza hivyo kabisa. Hapana, ndugu. Kama hukutwe, anaweza kuacha karatasi nyumbani kwako kwa mtu wa jamaa yako ao kwa mtu anayekutumikia, na sheria inaweza kuihesabu kama imefika. Unarudi toka kariere kisha majuma matatu, unakuta karatasi juu ya meza chini ya chombo cha chumvi, na siku zinatembea tangu ile siku shangazi aliipokea. Kwa hiyo wafundishe watu wote wa nyumba yako, hata mtumishi: karatasi yenye sitampu ya tribinali ikifika, andika juu ya kipande cha karatasi siku gani, saa gani, na nani aliileta. Na piga simu siku ile ile.

Je, siku ya kupokea inahesabiwa ao haihesabiwe? Wanasheria wako na maneno yao juu ya hiyo. Wewe ihesabu. Hesabu pia siku ya Mungu na siku za sikukuu. Ukifanya hesabu kali kuliko sheria, hutapata hasara.

Kuna wengine walihukumiwa pasipo kufika. Labda barua ya kuitwa haikuwafikia, labda walikuwa wagonjwa, labda waliogopa tu. Hukumu ya namna hiyo iko na njia yake, inaitwa oposisio: unarudi kwa tribinali ile ile iliyokuhukumu na kusema, "Nilikuwa sipo, munisikilize." Kwa mambo ya raia siku zake ni 15 tangu karatasi kukufikia mkononi. Kama haikufika mkononi mwako, zinahesabiwa tangu ulipojua, na sheria inaongeza siku moja kwa kila kilometa 100 za mbali. Neno hili la kilometa linaonyesha kwamba waliotunga sheria walijua barabara zetu, ingawa siku moja kwa kilometa 100 wakati wa mvua, mtu aliyetembea barabara hizo atacheka. Oposisio ikiisha siku zake, siku 30 za rufani zinaanza.

Lakini karatasi ya lupango si ya hatari zaidi. Ya hatari zaidi ni ya buloko.

Wazazi, sikieni hapa vizuri, na ninyi vijana munaokwenda kuchimba. Mtu akishitakiwa kwa kosa la azabu, tuseme wizi wa minerale, ao kupiga mtu, ao kuharibu vitu, sheria inayotumika ni nyingine, ile ya tarehe 6 Agosti 1959. Huku siku za rufani ni 10 tu. Na kama mshitakiwa alikuwa mbele ya mwamuzi, hizo siku 10 zinaanza siku hukumu inasomwa. Hakuna huisie wa kungojea. Hakuna karatasi itakayokuja. Nimeona jamaa wanatoka ku tribinali wanalia, wanarudi nyumbani, wanasema, "Tungojee karatasi, kisha tutaona." Wanakusanya pesa ya avoka kidogo kidogo, shangazi wa Likasi analeta, mjomba wa Kolwezi analeta, na siku pesa inatimia ni siku ya 17. Mtoto anabaki ndani.

Hata mtu asiye na pesa ya avoka anaweza kukata rufani. Hiyo watu wengi hawaijue. Rufani inaanza na tangazo linaloandikwa ku grefe, ofisi ya makarani wa tribinali. Unasema hukubali hukumu fulani, ya tarehe fulani, nambari fulani. Karani anaandika, munatia sahihi, na unaomba kopi. Maneno marefu ya sheria yatakuja nyuma. Zuia mlango usifungwe kwanza, kisha tafuta avoka. Sisi tunafanya kinyume, tunatafuta avoka kwanza mpaka mlango unafungwa.

(Jambo moja linanishangaza bado. Mshitakiwa iko na siku 10, lakini mwenye kushitaki kwa jina la serikali, yule wa parke ya tribinali ya juu, sheria inampa miezi 3 tangu hukumu kusomwa. Nilimwuliza avoka kwa nini. Alicheka tu.)

Labda utasema: haya ni mambo ya inchi yetu, kwa inchi kubwa wanaangalia haki zaidi. Ngoja nikuelezee hukumu mbili za Marekani, na utaona kwamba saa ya tribinali inapiga namna moja kila mahali.

Kule katika jimbo la Ohio mtu mmoja, Keith Bowles, alihukumiwa kwa kosa la kuua. Akaomba tribinali ya serikali kuu ichunguze kama kifungo chake ni cha haki. Tarehe 9 Septemba 2003 wakakataa ombi lake. Alikuwa na siku 30 za kukata rufani, zikapita. Katika Desemba akaomba wafungue tena mlango, na sheria yao inaruhusu hiyo kwa mambo fulani, lakini kwa siku 14 tu. Tarehe 10 Februari 2004 mwamuzi alikubali. Sasa sikia: mwamuzi mwenyewe aliandika kwamba Bowles iko na mpaka tarehe 27 Februari. Hesabu. Hizo si siku 14, ni 17. Mwamuzi alikosea hesabu. Avoka wa Bowles akaamini karatasi ya mwamuzi, nani asingeamini, akaleta rufani tarehe 26. Siku moja mbele ya tarehe iliyoandikwa na mwamuzi, siku mbili nyuma ya tarehe ya sheria.

Mambo yakafika mpaka tribinali kubwa kabisa ya Marekani. Tarehe 14 Juni 2007, waamuzi 5 wakasema siku zilizowekwa na sheria hata mwamuzi hawezi kuziongeza, na mtu aliyechelewa amechelewa, hata kama kosa ni la mwamuzi. Waamuzi 4 wakakataa. Mmoja wao, Souter, aliandika kwa uchungu kwamba tribinali haiwezi kumtendea mtu hivyo, kumwambia njia iko wazi kisha kumfungia alipofika. Lakini 5 wanashinda 4. Bowles akabaki gerezani pasipo rufani yake kusikilizwa.

Nilisoma hiyo nikamkumbuka mama yangu wa lupango. Kama mwamuzi mwenyewe akikosea tarehe wanakufungia, sembuse pasta aliyesema tuombe kwanza?

Hukumu ya pili iko na harufu nyingine. Prentiss Houston alikuwa mfungwa katika jimbo la Tennessee. Hakuwa na avoka. Ombi lake lilikataliwa tarehe 7 Januari 1986, naye pia alikuwa na siku 30. Tarehe 3 Februari, siku ya 27, akawapa walinzi wa gereza barua yake ya rufani waitume. Gereza liliandika ndani ya kitabu chake kwamba barua ilitoka siku ile. Barua ikatembea vile barua zinatembea, na karani wa tribinali akaipiga sitampu tarehe 7 Februari: siku ya 31. Siku moja! Tribinali ya rufani ikakataa.

Tarehe 24 Juni 1988 tribinali kubwa ikageuza mambo, nayo kwa waamuzi 5 juu ya 4. Walisema hivi kwa kifupi: mtu huru anaweza kwenda mwenyewe ku grefe, anaweza kuona sitampu inapigwa, anaweza kupiga simu kuuliza. Mfungwa hawezi. Siku anatia barua mkononi mwa mlinzi, amekwisha kufanya yote anayoweza, na zaidi sana yule mlinzi ni wa upande ule anaoshitaki. Basi rufani ya mfungwa asiye na avoka inahesabiwa tangu siku aliyoipa gereza. Kilichomwokoa Houston kilikuwa kile kitabu cha gereza chenye tarehe. Pasipo ile tarehe, nani angejua kama alileta siku ya 27 ao ya 31?

Usichukue hukumu hii kwenda nayo ku tribinali yetu, si sheria ya kwetu. Lakini tarehe iliyoandikwa ni tarehe iliyoandikwa, kule na huku. Omba kopi yenye sitampu kwa kila karatasi unayoleta. Karani akisema, "Iache tu, nitaipanga," mwambie kwa heshima, "Asante baba, nitangojea sitampu." Kaa chini ungojee. Mimi nimengojea saa tatu.

Na mwenye avoka asilale. Katika Alabama mtu aliyehukumiwa kufa, Cory Maples, alikuwa na avoka wawili wa kampuni kubwa ya New York. Walihama kazi pasipo kumwambia. Tribinali ilipotuma habari ya hukumu, bahasha zikarudi pasipo kufunguliwa. Siku 42 za rufani zikapita, naye hakujua kitu, ndani ya gereza akifikiri avoka wanafanya kazi. Katika 2012 tribinali kubwa ilimhurumia, sababu walimwacha peke yake kabisa. Lakini waliandika pia kwamba kwa kawaida kosa la avoka linahesabiwa juu ya mtu wake. Basi mwulize avoka wako kila juma: Rufani iliandikwa? Tarehe gani? Nionyeshe. Kama anakasirika, hiyo ni ya kwake.

Kwa nini waamuzi ni wakali hivi? Mbele nilifikiri ni roho ngumu tu. Sasa ninaona kidogo sababu yao. Tuseme wewe njo ulishinda. Ulipata haki ya lupango lako, ukajenga choo, ukapanda bustani. Kama yule mwingine angeweza kurudi kisha miaka kumi kusema, "Sikukubali," ungelala namna gani? Hukumu inapashwa kufika mwisho siku moja, na mpaka wa siku unalinda pia masikini aliyeshinda. Ndiyo sababu, hata kama mpinzani wako ananyamaza, mwamuzi mwenyewe anaweza kuhesabu siku na kukataa rufani iliyochelewa. Hiyo ninaikubali. Kitu ambacho sikikubali ni karatasi ya Kifaransa inayotiwa mkononi mwa mama asiyejua Kifaransa, pasipo mtu kumwambia kwa sauti, "Mama, uko na siku 30." Neno moja tu. Lingekula dakika ngapi?

Kuna tena shimo moja mbele ya wale waliofika kwa wakati. Kwa mambo ya raia, tribinali ya juu inataka uweke mbele yake kopi rasmi ya hukumu unayoipinga, ile wanaita ekispedisio. Watu wamekata rufani siku ya tano, wakafurahi, kisha wakashindwa sababu ile kopi haikuonekana ndani ya faili. Inaombwa ku grefe ya tribinali iliyohukumu, na inalipwa. Asiye na uwezo kabisa anaweza kuomba karatasi ya kushuhudia umasikini wake ili asamehewe malipo. Na chama cha mawakili kiko na ofisi ya mashauri ya bure, iliyowekwa na sheria yao ya 1979. Si aibu kwenda kule. Habari njema moja: rufani iliyokatwa kwa wakati kwa kawaida inasimamisha hukumu, hawawezi kukutoa ndani ya nyumba wakati inangojea, isipokuwa mwamuzi aliandika kwamba hukumu ifanyike mara moja. Angalia mwisho wa hukumu kama neno hilo liko.

Juu ya kupanda mpaka Kinshasa, ku tribinali ya kasasio, nitasema kidogo tu: miezi 3 kwa mambo ya raia tangu kuletewa hukumu, siku 40 kwa mambo ya azabu tangu kusomwa, ni sheria ya 2013. Huko hauendi pasipo avoka.

Wafanyakazi wa migodi nao wasisahau siku zao, hata kama si za rufani. Kanuni ya Kazi ya 2002 inasema madai yanayotoka katika mapatano ya kazi yanakufa kisha miaka 3, lakini madai ya mshahara yanakufa kisha mwaka 1 tangu siku mshahara ulipopashwa kulipwa. Mwaka mmoja tu! Na kila mwezi uko na mwaka wake. Bwana anayeambiwa "mwezi ujao, mwezi ujao" mara kumi na tatu, mshahara wa mwezi wa kwanza unaanza kufa mkononi mwake akiwa anangojea kwa adabu. Mlango wa kwanza ni ofisi ya mkaguzi wa kazi, wa kupatanisha, kisha tribinali ya kazi. Nenda ungali na nguvu.

Najua wengine wa kanisa wanasema mkristo asiende tribinali, na wanafungua Wakorinto wa kwanza sura ya 6. Nimehubiri sura hiyo. Paulo alikuwa anakemea ndugu wa kanisa moja wanaopeleka magomvi yao mbele ya wasioamini, wakati wangeweza kuketi na wazee. Lakini Paulo huyo huyo, alipoona kwamba Festo anataka kumrudisha Yerusalemu mikononi mwa waliotaka kumwua, alikata rufani kwa Kaisari. Soma Matendo sura ya 25. Alisema pale pale, amesimama. Hakumwambia Festo, "Nitarudi kisha mkutano." Na Festo, kisha kushauriana na watu wake, akakubali. Agripa alisema nyuma kwamba mtu huyu angefunguliwa kama asingekata rufani. Kwa hiyo rufani si dawa ya kila kitu, wakati mwingine inakupeleka Roma na merikebu inavunjika njiani. Lakini Paulo alijua haki yake ya raia wa Roma, na aliitumia kwa saa yake. Binti za Selofehadi walifanya hivyo pia mbele ya Musa kwa ajili ya uriti wa baba yao. Walikwenda wenyewe, watano, mpaka mlangoni pa hema.

Maombi na tribinali havigombani. Tungeweza kuomba ndani ya taksi, mimi na mama yule.

Sasa mama anapanga chumba kimoja karibu na soko. Watoto wake wawili wanakuja ku kelasi ya siku ya Mungu, na mdogo aliniuliza kama maembe ya kwao yamekwisha kuiva. Sikujua nimujibu nini.

Ndani ya meza ya ofisi ya kanisa nimeweka daftari la kelasi, la kurasa 100. Mtu wa kanisa akileta karatasi ya tribinali, hatuombi mbele ya kuandika: jina, tarehe ya karatasi, tarehe ya kuipokea, siku ya mwisho. Siku ya mwisho tunaizungushia bik nyekundu. Washemasi wawili vijana waliosoma Kifaransa wanasoma karatasi yote kwa sauti, mpaka chini, wanageuza kwa Kiswahili. Kwa kila kanisa lenye meza na kijana mwenye kujua kusoma, hiyo inawezekana.

Alhamisi iliyopita baba mmoja alifika saa nane, wakati wa komite. Mtoto wake alihukumiwa juma la mbele kwa mambo ya magunia ya minerale. Nilimwuliza, "Hukumu ilisomwa siku gani?" Hakukumbuka. Tukahesabu pamoja na vidole, tangu siku ya soko, tangu siku mvua ilinyesha. Ilikuwa siku ya 8. Alisema, "Basi pasta, mukimaliza komite yenu..." Nilivaa koti. Tulipanda pikipiki moja watu watatu, tukafika ku grefe karani akiwa anafunga dirisha.